Juu ya Kitabu cha Safari ya Hija

Msomaji, mwaka 2019 nilipiga chapa kitabu kwa fedha zangu mwenyewe. Kilikuwa na kurasa 112, jalada la kijani, na mbele yake picha ya Al-Kaaba ambayo sikuipiga mimi. Nakala 300 zilitengenezwa katika matbaa moja ya mjini Mombasa, zikapakiwa katika basi mpaka Malindi, zikaingia chini ya kitanda changu. Habari yake ilikuwa safari ya hija tuliyokwenda mimi na mama yangu mwaka 1439 wa hijria, yaani mwaka 2018 wa miladia. Leo nakala 140 hivi zingaliko chini ya kitanda kile kile. Katika insha hii nataka kukipima kitabu hicho kama ambavyo ningekipima cha mtu mwingine. Ni desturi ya mwalimu kusahihisha madaftari ya wengine kwa wino mwekundu na kulisahau lake, na desturi hiyo haikunifaa kitu.

Kwanza nitakwambia jinsi kilivyopokewa. Walimu wenzangu walinipa mkono. Imamu wa msikiti wa mtaani kwetu alikiombea dua. Rafiki zangu tuliosoma pamoja chuo cha ualimu walinunua nakala mbili mbili na kuniandikia maneno mazuri. Nilizipokea sifa hizo zote kwa uzito wake, mpaka siku moja, miezi mitano baadaye, mwanafunzi wa kidato cha pili aliponijia na nakala yake mkononi akasema, "Mwalimu, kitabu hiki kinarudi nyuma." Nikakitazama. Ukurasa wa 64 ulifuatwa na ukurasa wa 49. Walioviunga vitabu walikuwa wametia kifungu kimoja cha kurasa 16 mara mbili, na kifungu cha kurasa 65 mpaka 80 hakikuwamo kabisa. Nilikwenda mbio nikafungua maboksi, nikakuta nakala nyingine nyingi zenye ila ile ile. Na baadhi ya zenye ila zilikuwa zimekwisha nunuliwa na wale walionipa mkono. Hapana hata mmoja aliyekuwa ameniambia neno. Unaona maana yake, msomaji. Katika wao hapana aliyefika ukurasa wa 65.

Ila ya mpiga chapa hutengenezeka kwa gundi na uzi. Ila ya mwandishi ni jambo jingine, na hiyo nilionyeshwa na mtu ambaye hakukisoma kitabu kwa macho yake. Mama yangu ni mzaliwa wa Mambrui. Alisoma Kurani chuoni utotoni mwake, akazijua herufi za Kiarabu. Hizi za Kirumi humchosha. Kwa hiyo nilimsomea mwenyewe, jioni nne mfululizo, baada ya sala ya Isha. Alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kama mtu asikilizaye hotuba ya Ijumaa. Usiku wa nne nilipofunika kitabu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na mimi nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jawabu. Nilikipekua kitabu upya, nikaona kuwa nimemtaja mara tatu: katika shukrani, katika orodha ya wasafiri wa kundi letu, na mahali niliposema kwamba tuliagana na jamaa. Tulikuwa pamoja mchana na usiku kwa majuma manne. Nilimshika mkono katika tawafu zote. Lakini katika kitabu nilichokiita safari yangu nilikuwa nimekwenda Makka peke yangu, tena sina hakika kama hata mimi mwenyewe nilikwenda.

Ili nilifahamu kosa langu nilirudi kwa msafiri mkubwa ambaye kila mwanafunzi wa pwani humsikia darasani, naye ni Ibn Battuta. Mara nyingi tunamsoma kwa tarehe tu: alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, basi. Tunasahau kwamba alipotoka kwao Tangier, mwezi wa Juni mwaka 1325, hakutoka ili aone dunia. Alitoka ili ahiji. Alikuwa kijana wa miaka 21, mkubwa kidogo tu kuliko wewe unayeusoma ukurasa huu. Aliondoka bila mwenzi wala msafara, akawaacha baba na mama wakiwa hai, na anakiri kwamba kutengana nao kulimwuma. Alihiji mwaka uliofuata, kisha miguu haikukubali kurudi. Ilimchukua hadi pwani yetu, na India, na visiwa vya Maldivi, na hata China kwa maneno yake mwenyewe. Aliporudi Maghribi mwaka 1349 alipata habari njiani kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Jambo hilo amelisema kwa maneno machache sana, akapita.

Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Sultani wa Fez, Abu Inan, aliamuru kisemwe na kiandikwe. Ibn Battuta akasimulia, na kijana mwanachuoni wa Kiandalusi, Ibn Juzayy, akaandika na kupamba; usimulizi ukamalizika mwezi wa Desemba mwaka 1355. Mengi yalitoka katika kumbukumbu, maana baadhi ya karatasi alizoandika safarini zilipotea aliponyang'anywa mali baharini huko India. Kumbuka, basi, kwamba tunayemsoma ni mzee wa miaka hamsini akikumbuka mambo ya ujana.

Sasa tazama mzee huyo alikumbuka nini juu ya Mombasa. Alilala hapo usiku mmoja tu. Pamoja na hayo anatwambia kuwa kisiwa kina migomba, milimau na michungwa, na tunda jingine lililofanana na zeituni ambalo ni tamu sana. Msomaji wa pwani hulitambua mara moja kuwa ni zambarau. Anatwambia kuwa nafaka haioti hapo, huletwa kutoka bara ya Waswahili, na kwamba chakula kikubwa ni ndizi na samaki. Kisha anafika msikitini, na hapo jicho lake linatulia. Misikiti imejengwa kwa mbao na imejengwa vizuri. Mlangoni kuna kisima kimoja au viwili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba kiasi cha dhiraa moja. Ardhi ya pale imesawazishwa. Anayetaka kuingia huosha miguu yake, na mlangoni pametandikwa kipande cha jamvi gumu cha kufutia nyayo. Watu wote, asema, huenda miguu mitupu.

Ukiingia leo katika msikiti wa zamani wa pwani hii utaona birika mlangoni na mawe ya kukanyagia ili mwenye kutawadha asichafue miguu tena. Miaka karibu 700 imepita, nawe unaitambua desturi kwa sababu ya kile kipande cha jamvi. Asingalikitaja, Mombasa ya mwaka 1331 ingalibaki jina tu lenye sifa ya uchamungu. Na watu wa miji yote ya Uislamu walisifiwa uchamungu na wasafiri, hata sifa hiyo haitambulishi mji mmoja na mwingine.

Habari za Kilwa pia zina mwili. Sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ajili ya ukarimu wake, alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa; fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha akaomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe alizikomboa nguo kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi hii husomwa mashuleni kuonyesha ukarimu. Mimi kila niisomapo husimama penye wale watu ishirini, ambao wamehesabiwa pamoja na pembe na nguo, na ambao msimulizi hakuwatupia jicho hata kidogo. Jicho lililoona kipande cha jamvi halikuwaona. Msafiri mwema naye ana upofu wake, na msomaji ana haki ya kuutaja.

Hapo ndipo lilipo jambo nililotaka kukuonyesha. Wachunguzi wameilinganisha rihla hii na nyingine iliyotangulia kwa karibu miaka 170, ya Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyetoka Granada kwenda kuhiji mwaka 1183 akarudi mwaka 1185. Waligundua kwamba kurasa nyingi za Damascus, za Makka na za Madina katika kitabu cha Ibn Battuta zimetoka kwa Ibn Jubayr, mahali pengine karibu neno kwa neno. Huenda mzee alikuwa amesahau; huenda Ibn Juzayy aliona kuwa hapana haja ya kusema upya lililokwisha semwa vizuri; na katika zama zile kunakili wakubwa hakukuhesabiwa wizi kama kunavyohesabiwa leo. Lakini lifikiri jambo hili. Alihiji zaidi ya mara moja, na wakati mwingine alikaa Makka muda mrefu kwa ajili ya ibada na elimu. Mombasa alilala usiku mmoja. Na katika kitabu chake Makka mara nyingi ni ya mtu mwingine, ilhali Mombasa ni yake.

Nilipoling'amua hilo nililiona kosa langu lote. Nami nilifanya vivyo hivyo, bila kuwa na udhuru wa uzee wala wa kunyang'anywa karatasi. Nina daftari langu la safari, limejaa. Lakini nilipoketi kuandika nililifunga, nikafungua vitabu vya watu. Sura yangu ya kwanza ina kurasa 20 za historia ya hija tangu Nabii Ibrahim, na hapana sentensi ndani yake ambayo haipatikani katika kitabu kizuri zaidi. Sura ya Makka inataja milango, minara na vipimo vya msikiti. Sura ya Arafa ni mawaidha. Siku niliyopaswa kusema kwamba jioni ya kuamkia Arafa upepo wa vumbi na mvua vilitushukia ghafula, watu wakashika kamba za mahema huku wakisoma takbira, niliandika kwamba hali ya hewa ilibadilika.

Kwa nini mtu hufanya hivyo? Si kwa uvivu, maana kunakili ni kazi kubwa. Nadhani ni kwa heshima iliyopotea njia. Mbele ya mahali patukufu mwandishi mpya huona kuwa macho yake ni madogo na habari zake ni duni, basi hujificha nyuma ya maneno makubwa yaliyokwisha kubaliwa na watu. Ibn Jubayr hakujificha. Aliandika kama mtu anayetunza daftari, mwezi baada ya mwezi mwandamo, akitaja tarehe, bei, dhiki za baharini na ushuru uliowaonea mahujaji. Na kwa sababu aliitazama Makka kwa macho yake mwenyewe, waliokuja baadaye waliona inafaa kuibiwa. Hapana atakayekuja kuiba katika sura yangu ya Makka.

Najua utaniuliza, kama nilivyoulizwa na shehe mmoja, je, si riya mtu kujisimulia katika ibada? Swali hilo ni zito, wala silipuuzi. Ibada ya kutangazwa ina hatari yake, na mtu aliyehiji na ajihadhari. Lakini nilikichunguza kitabu changu, nikaona kwamba riya haikuwa mahali nilipoiogopa. Haikuwa katika mambo madogo niliyoyaacha. Ilikuwa katika machozi. Nimehesabu: katika kurasa 112 nimelia mara tisa. Nimelia nilipoiona Al-Kaaba, nimelia Safa, nimelia Marwa, nimelia nilipoagana na mji. Mama alikatiza usomaji wangu mara moja tu katika zile jioni nne, na ilikuwa hapo. "Hukulia hapo," alisema, "ulikuwa ukitafuta chaja ya simu." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika machozi kwa kuwa nilidhani kitabu cha hija huyataka, na machozi yaliyoandikwa hivyo ndiyo riya yenyewe. Chaja ya simu haikumtukuza mtu yeyote.

Na sasa nikusimulie lililotukia, ambalo halimo katika kitabu. Siku ya nne mjini Makka, baada ya sala ya adhuhuri, tulitoka msikitini tukakuta ndara za mama hazipo. Huenda alizichukua mtu kwa kukosea. Pale viatu ni maelfu. Marumaru nyeupe ya uwanja wa msikiti haiunguzi hata jua linapokuwa utosini, watu hutembea juu yake miguu mitupu. Lakini barabara ya nje ilikuwa kama kikaango. Nilitaka kumpa vyangu, navyo vilikuwa vikubwa hata akajikwaa hatua ya pili. Akatoa katika mkoba wake leso aliyoichukua kutoka nyumbani, akaichana vipande viwili, akaanza kufunga miguu. Ndipo mwanamke mmoja mnene, ambaye lugha yake hatukuijua na ambaye yeye pia hakuijua yetu, aliposimama, akazivua ndara zake, akaziweka mbele ya mama, akaenda zake katika halaiki na soksi zake. Mama alimwita kwa Kiswahili, "Ee mwanangu, na wewe je?" Hakugeuka. Tulimtafuta siku zilizobaki kila saa ya adhuhuri mlango ule ule, hatukumwona.

Katika daftari langu la safari jambo hilo limeandikwa kwa mistari mitatu. Katika kitabu halimo. Nililitoa nikijiambia kwamba viatu si habari ya kuweka katika kitabu cha dini. Laiti ningalikumbuka wakati ule kile kipande cha jamvi cha Mombasa.

Utaona labda kwamba ninalifanya jambo dogo kuwa kubwa. Basi na tuiache Makka, tutazame nyumbani. Merikebu iliyomchukua Ibn Battuta kutoka Mogadishu kwenda Mombasa ilipita mbele ya pwani yetu, mbele ya Malindi na Kilifi, wala hakututaja. Mji wa Gede ulikuwapo. Magofu yake yangali msituni karibu na Watamu, na mwaka 2024 yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wareno waliokaa Malindi, mwendo wa kilomita zipatazo 16 tu, hawakuuandika kwa jina hilo. Hivyo James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948 hakuwa na maelezo ya msafiri ya kumwongoza. Nyumba alizozifukua hazikuwa na majina ya wenyewe, akazipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kasha la Pembe. Umekwenda huko na darasa lako, au utakwenda. Ukisimama katika Nyumba ya Mkasi jiulize ni nani aliyekata kwa mkasi huo, na alikuwa akikata nini. Kisha fikiri ni mistari mingapi ya msafiri mmoja ingalitosha kukujibu.

Malindi yenyewe ilibahatika zaidi. Mwaka 1542 padri Francis Xavier, akiwa njiani kwenda Goa, alishuka hapa siku chache. Hakuwa haji, alikuwa mmisionari, na alikuja na hukumu zake tayari juu ya dini ya watu aliowakuta. Hata hivyo, katika barua aliyoiandika baadaye mwaka ule ule, ameweka mazungumzo yake na mmoja wa wakubwa wa mji. Mkubwa huyo alimwuliza kama Wakristo kwao huyajaza makanisa, maana hapa, alisema, ibada imepungua, na katika misikiti 17 ni mitatu tu inayoendewa na watu, nao ni wachache. Xavier alilitumia neno hilo kwa hoja yake. Sisi tunalisoma kwa sababu nyingine: tunamsikia mtu mzima wa Malindi, miaka karibu 500 iliyopita, akilalamika juu ya misikiti mitupu, kama wazee wanavyolalamika barazani leo. Ukurasa mmoja wa barua, na mji una sauti.

Wengine hudhani kwamba sisi Waswahili ni watu wa kusimulia, si wa kuandika safari. Si kweli. Mwaka 1901 ulitolewa Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ulioshughulikiwa na Carl Velten, na ndani yake wasafiri wetu wanasimulia kwa Kiswahili: Sleman bin Mwenye Tshande safari yake ya bara, na Selim bin Abakari safari yake ya Urusi na Siberia. Ni kazi nzuri, zimejaa mambo yaliyoonekana. Lakini ziliandikwa kwa kuwa mgeni aliziomba, na zilipigwa chapa alikotaka mgeni. Aliyeonyesha njia nyingine katika pwani ya Kenya ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1930, mjini Mombasa, alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Hakungojea kuombwa. Alikuwa na la kusema kwa watu wake, akalichapisha.

Kujipigia chapa, basi, si aibu wala si jambo jipya, na siku hizi ni rahisi mno kuliko zamani. Namba ya kimataifa ya kitabu hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, matbaa hazikosekani, aliye na kompyuta hupanga kurasa zake mwenyewe. Nami nilifurahia wepesi huo. Nilikuwa mwandishi, mhariri, mwenye mali na mchuuzi, yote pamoja, na sikuona kuwa katika watu hao wanne hapakuwa na hata mmoja wa kuniambia hapana. Shirika la vitabu likikukatalia hukuudhi, lakini katika kukukatalia mtu fulani amekwisha kusoma mpaka mwisho. Mimi nililipa fedha ili nisikataliwe, nikakosa pia kusomwa. Ningalimsomea mama yangu mswada kabla ya kwenda Mombasa, badala ya kumsomea kitabu baada ya kurudi, ningaliokoa fedha, na miti, na haya.

Sisemi kwamba kitabu changu hakina jema. Sura ya saba, inayoeleza jinsi wasafiri wa kundi letu walivyogawana maji na kelele katika hema la Mina, ina kurasa tano ambazo sizionei haya. Niliziandika usiku mmoja, bila kufungua kitabu chochote, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na mtu aliyekoroma. Ni hizo tu. Na kwa bahati mbaya zimo baina ya ukurasa wa 65 na wa 80.

Nimeanza upya. Sina haraka ya matbaa safari hii, na zile nakala za chini ya kitanda nimeanza kuwapa wanafunzi wangu wazisahihishe kwa kalamu nyekundu, kazi wanayoifanya kwa furaha kupita kiasi. Jioni huketi na mama ukumbini na daftari langu la zamani. Mimi husoma mistari yangu mitatu, yeye hunisimulia kurasa tatu. Anakumbuka rangi ya mazulia. Anakumbuka jina la dereva wa basi letu na idadi ya watoto wake, ambavyo sijui alivipataje, maana dereva huyo hakujua Kiswahili. Jana tulifika Muzdalifa. Nilisoma katika daftari kwamba kila mmoja wetu aliokota kokoto 49 za kutupa kwenye nguzo za Mina. Akasema sivyo. Zake zilikuwa 50, kwa kuwa alihofia moja isianguke gizani. Zangu, alipozihesabu nikiwa nimelala, zilikuwa 48, naye akanitilia ile moja katika mfuko wangu. Sikulijua jambo hilo. Nimeliandika kama alivyolisema, na kesho baada ya Isha tutaendelea na Mina.